Chunjua Haitaki Moto

Mombasa mkono haufichiki. Mtoto akiingia nyumbani kwa wazee huwapa mkono na kuwabusu wao, mkono huohuo ndio unaokula pilau kwenye sinia moja na wenzake, na msichana akialikwa harusi ndio unaopakwa hina. Kwa hiyo chunjua ikiota kidoleni, hata kama haiumi wala haiwashi, mwenyewe huanza kuuficha mkono ndani ya buibui au mfukoni. Nimewaona watoto wanaosalimia wakiwa wamekunja ngumi. Nimemwona muuza samaki, mtu mzima na heshima zake, akipokea pesa kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo kwetu ni utovu wa adabu, kwa kuwa wa kulia umejaa chunjua. Aibu hiyo ndiyo iliyonifanya niandike, maana ndiyo inayowapeleka watu kwenye dawa za kuunguza.

Dawa hizo zajulikana mitaani kote. Kuna maji ya betri, yanayochovywa kwa njiti ya kiberiti na kudondoshwa juu ya chunjua. Hayo ni asidi ya salfa, nayo haichagui: yala chunjua, yala na ngozi nzima iliyo pembeni, na kwenye kidole chembamba cha mtoto haina safari ndefu kufika ndani. Kuna utomvu wa mnyaa, ule mti wa vijiti vya kijani usio na majani ya kuonekana, ambao watu huupanda uwe ua. Maziwa yake hubabua ngozi, na yakiingia jichoni huweza kumtia mtu upofu wa muda, au hata kuliharibu jicho moja kwa moja. Sasa mpake mtoto mnyaa kidoleni kisha umwambie asijifikiche macho usiku kucha. Nani ataweza kumlinda?

Halafu kuna mafuta ya ganda la korosho, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hii ni dawa yetu ya pwani hasa. Mkanju twaukuta Kilifi, Kwale, kote. Aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anajua kwamba ndani ya ganda mna mafuta mazito ya rangi ya hudhurungi, na yakigusa ngozi huiunguza. Ndiyo maana korosho huchomwa kwanza kabla ya kubanguliwa, na hata moshi wake wakati wa kuchoma huwasha macho na koo. Mkanju ni ukoo mmoja na mwembe. Wale wanaovimba midomo kwa utomvu wa embe wana hatari ya kupata malengelenge mabaya zaidi wakipakwa mafuta hayo. Ni kweli kwamba yanaweza kuing'oa chunjua. Lakini huing'oa pamoja na ngozi nzima iliyoizunguka, na kovu linalobaki ni kovu ambalo chunjua yenyewe isingeliacha.

Mtoto wa dada yangu alikuwa na chunjua kwenye kidole cha shahada, na harusi ya shangazi yake ilikuwa inakaribia. Jirani, mama mwenye nia njema kabisa, akaja na maganda ya korosho kwenye kipande cha karatasi. "Mwanangu, nikupake kidogo tu. Usione hivi, siku mbili tu itadondoka." Dada yangu akamshika mkono kwa upole. "Ahsante sana mama, Mungu akuweke. Tumeshaanza dawa nyingine, tusichanganye." Jirani hakuudhika, na mazungumzo yakahamia kwenye vyakula vya harusi. Mimi ninalogombana nalo ni hilo neno "siku mbili". Chunjua haitoki kwa siku mbili bila kuondoka na kitu kingine.

Sababu iko katika chunjua yenyewe. Wengi wetu tuliambiwa utotoni kwamba tukishika chura tutaota chunjua. Vinundu vya chura ni tezi zake, havina uhusiano wowote na vyetu. Chunjua inaletwa na virusi, wale wa kundi la HPV, ambalo lina aina zaidi ya 100. Aina zinazopenda mikono, kama ya 2, ya 4, ya 27 na ya 57, huingia kupitia mwanya mdogo kwenye ngozi: ulipojikwaruza kwa mbuzi ukikuna nazi, mwiba wa samaki ulipokuchoma, mtoto anapotafuna kucha mpaka nyama za pembeni zinatoa damu. Virusi hukaa humo kimya kwa miezi kadhaa, pengine zaidi ya nusu mwaka, ndipo kinundu kitokeze. Kwa hiyo yule uliyempa mkono jana si wa kulaumiwa kwa chunjua ya leo.

Watu huiogopa mizizi yake. Ukiitazama chunjua kwa makini utaona vidoa vyeusi ndani, na hivyo ndivyo vinavyoitwa mizizi, vinavyowafanya wengine wachukue wembe wachimbe. Ile si mizizi. Ni vishipa vidogo vya damu vilivyoganda. Chunjua huishi katika tabaka la juu la ngozi tu, hailifikii lile la chini. Anayechimba anaumiza mahali ambapo ugonjwa haupo, na wembe huo unaweza kuvipeleka virusi kwenye ngozi iliyo pembeni.

Kuishi juu kwa juu namna hiyo ndiko kunakoipa maisha marefu. Haiingii kwenye damu, haiui seli inazokaa, haileti homa wala usaha, kwa hiyo kinga ya mwili hupita karibu nayo bila kuitambua. Siku ikiitambua, kazi huisha. Wako watu waliokuwa na chunjua mikono yote miwili, wakatibu moja, na zote zikatoweka kwa pamoja, hata zile ambazo hazikuguswa. Mwili umeamka. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1963, uliowafuatilia watoto kwa miaka miwili, ulionyesha kwamba thuluthi mbili hivi ya chunjua zao zilitoka zenyewe katika muda huo bila dawa yoyote.

Hebu tuitafakari hiyo thuluthi mbili. Maana yake ni kwamba dawa yoyote utakayompa mtoto, hata maji matupu, ukiwa na subira ya kutosha utakuja kuiona "imefanya kazi". Ndiyo sababu kila familia ina dawa yake ya chunjua na kila familia inaapa kwa dawa hiyo. Bibi aliyefunga uzi hakusema uongo. Mjomba aliyesugua ganda la ndizi hakusema uongo. Waliona kwa macho yao. Lakini hawakuwa na mtoto mwingine wa kando ambaye hakusuguliwa kitu, wakamlinganisha naye.

Kwa hiyo nizipitie za jikoni kwa kipimo hicho. Ganda la ndizi na shubiri havina ushahidi wa maana, lakini havidhuru. Anayependa na aendelee. Siki ya dukani ina asidi kiasi cha asilimia tano, na ikifungiwa chini ya plasta usiku kucha huweza kuchubua ngozi ya mtoto. Kitunguu thomu kina habari zaidi. Kuna jaribio la mwaka 2005 ambapo dondoo la mafuta la kitunguu thomu lilizimaliza chunjua za wengi waliopakwa, lakini dondoo hilo lilitengenezwa maabara. Punje mbichi iliyopondwa na kufungwa kidoleni ni jambo jingine: huunguza, na majeraha ya namna hiyo yameandikwa na madaktari mara nyingi. Ukiona ngozi imekuwa nyekundu na inauma, hiyo si dalili ya dawa kuingia. Ni ngozi inaungua.

Ndimu ndiyo ninayoihofia zaidi hapa kwetu, kwa sababu haina mtu anayeihofia. Maji ya ndimu yana kemikali ambazo zikiwa kwenye ngozi na jua likazipiga, huleta madoa meusi, wakati mwingine hata malengelenge kwanza. Na jua la Mombasa mnalijua. Mtoto anapakwa ndimu asubuhi, anatoka kucheza mpira, na baada ya siku chache mkono una mabaka yatakayokaa wiki nyingi au miezi. Mama anadhani chunjua imesambaa.

Kufunga chunjua kwa unywele au uzi hadi ikatike hufaa kwa kinundu chenye shingo nyembamba, na hicho aghalabu si chunjua bali ni kijinyama tu cha ngozi, kinachopenda shingoni na kwapani. Chunjua ya kidoleni imekaa bapa, uzi hauna pa kushika. Na hata penye pa kushika, kidonda kinachobaki hualika uchafu.

Dawa ya tepu imewachanganya watu dunia nzima. Ile tepu nzito ya rangi ya fedha, ya mafundi, inayobandikwa juu ya chunjua na kukaa siku sita, kisha inatolewa, ngozi inaloweshwa na kusuguliwa, na inabandikwa tena. Mwaka 2002 watafiti Marekani waliilinganisha na kugandisha kwa baridi, wakapata asilimia 85 waliopona kwa tepu dhidi ya asilimia 60 kwa baridi. Habari ikaenea kama moto wa makuti. Mwaka 2006 Waholanzi wakaijaribu kwa watoto 103 wa shule za msingi: waliopona kwa tepu walikuwa asilimia 16, na waliowekewa kitu kisichotibu walikuwa asilimia 6, tofauti ambayo ingeweza kutokea kwa bahati. Mwaka uliofuata jaribio jingine kwa watu wazima halikuona tofauti yoyote. Mimi siikatai tepu. Haina gharama kubwa, haiumizi, na angalau humzuia mtoto asiichezee chunjua na kuitafuna. Ila sitamwambia mtu kwamba ndiyo dawa.

Dawa yenyewe ipo, nayo imekaa kwenye rafu ya duka la dawa bila sifa. Ni asidi ya salisiliki. Mwaka 2012 jopo la Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, lilikusanya majaribio 85 ya dawa za chunjua na kuyapima yote pamoja, na asidi hiyo ndiyo iliyosimama na ushahidi ulio imara zaidi, kwa mikono na kwa nyayo. Haiunguzi kama ile ya betri. Hulegeza gundi inayoshika seli ngumu za ngozi, tabaka linamomonyoka moja moja, na mchokozo huo mdogo wa kila siku huwaita walinzi wa mwili waje watazame kuna nini. Hiyo ndiyo kazi inayotakiwa: kuichokoza ngozi kidogo, kila siku, bila kuijeruhi.

Ukienda dukani, angalia asilimia. Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza pesa. Ukisema tu "nataka dawa ya chunjua", unaweza kupewa marhamu ya Whitfield, ile ya mashilingi na fangasi za miguu. Ndani yake mna asidi ya salisiliki kweli, lakini asilimia tatu tu. Hiyo haiwezi chunjua. Ya mkononi huwa kama asilimia 17, ya maji mazito yanayokauka na kuacha utando. Ya unyayo, ambapo ngozi ni nene, huenda hadi asilimia 40, mara nyingi kama plasta ya kukata. Muulize mwenye duka kwa upole akuonyeshe maandishi kwenye chupa, usione haya.

Namna ya kuitumia ndiyo nusu ya dawa. Loweka kidole kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika tano hadi kumi mpaka chunjua ilainike. Isugue taratibu kwa kijiwe cha kusugulia visigino au kipande cha msasa, mpaka ile ngozi nyeupe iliyokufa itoke, na usimame kabla ya damu. Kijiwe hicho kiwe cha chunjua tu. Asisugulie mtu mwingine, wala wewe mwenyewe usikipeleke kwenye kisigino kizima. Kausha. Paka mafuta mazito ya kujipaka kuzunguka chunjua ili kuilinda ngozi nzima, kisha dondosha dawa juu ya chunjua peke yake, acha ikauke, funika kwa plasta au kipande cha ile tepu. Fanya hivyo kila siku. Ikianza kuuma au kuchubuka, pumzisha siku chache, kisha endelea.

Wanaoswali wameniuliza kuhusu udhu, na ni swali la haki, kwa sababu ule utando na plasta huzuia maji yasifike kwenye ngozi. Habari njema ni kwamba dawa hii hupakwa mara moja kwa siku, na usiku ndio wakati wake. Paka baada ya Isha, na kabla ya kutawadha kwa Alfajiri bandua plasta, loweka, na uondoe utando. Kazi ya kusugua itakuwa imeshafanyika nusu. Kwa yaliyo zaidi ya hapo, muulize sheikh wako.

Subira ndiyo ngumu. Wiki kumi na mbili ni muda wa kawaida, na wiki za mwanzo chunjua huonekana mbaya zaidi, nyeupe na iliyochanika. Wengi huacha hapo. Mtoto wa dada yangu alikwenda harusini chunjua yake ikiwa bado ipo, na mchoraji wa hina alimchorea ua lililopita pembeni yake. Hakuna aliyeuliza. Aliendelea na dawa mpaka mistari ya ngozi ikarudi kupita pale ilipokuwa chunjua, na hiyo ndiyo alama ya kuitafuta: chunjua huikata mistari ya kidole, na ikipona mistari huungana tena. Ukiacha kabla ya hapo, hurudi.

Hospitali wana njia ya kugandisha kwa nitrojeni ya kimiminika, ambayo ubaridi wake hufika nyuzi 196 chini ya sifuri. Ni nzuri kwa chunjua sugu. Lakini sisi wenye ngozi nyeusi tuulize mapema, kwa kuwa huweza kuacha baka jeupe mahali pale, na baka hilo huenda likadumu. Kwa mkono unaotazamwa kila siku hilo ni jambo la kulijua kabla, si baadaye.

Nyumbani, taulo lisishirikiwe. Kinyozi naye atazamwe: wembe unaopita juu ya chunjua za kidevuni huzipanda mstari mzima, kwa hiyo mwenye nazo anyoe kwa mashine yake mwenyewe, au aache ndevu kwa muda. Saluni, vifaa vya kucha vioshwe mbele yako. Sakafu zenye maji wanapopita watu pekupeku, kama bafu za shule au penye mabwawa ya kuogelea, ndizo zinazoleta chunjua za nyayo, ndara zinatosha. Na wauza nyama na samaki, ambao mikono yao hukaa majini na kwenye visu siku nzima, wana chunjua kuliko watu wengine, na kwa wachinjaji kuna hata aina yao ya virusi, ya 7. Kwa yule muuza samaki wetu hili si suala la usafi wake. Ni kazi yake. Glavu zingemfaa kuliko lawama.

Wapo wasiopaswa kujitibu nyumbani kabisa. Mwenye ugonjwa wa sukari asiweke asidi hii miguuni, kwani kidonda kidogo asichokihisi kinaweza kumgharimu mguu. Chunjua za usoni na za sehemu za siri ni za daktari, moja kwa moja, bila siki wala thomu. Mtu mzima ambaye chunjua zimemlipuka nyingi kwa ghafla apimwe kinga yake, ikiwemo kipimo cha ukimwi. Na doa jeusi kwenye unyayo, kiganjani au chini ya ukucha, linalokua au kutoa damu, lisiitwe chunjua mpaka daktari aseme. Bob Marley aligunduliwa na saratani ya ngozi chini ya ukucha wa kidole cha mguu mwaka 1977, na ikamuua mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Saratani ya aina ile ndiyo hupenda kutupata sisi weusi pale pasipopigwa jua.

Kuna jambo moja zaidi ambalo akina mama huniuliza wakiwa wameshtuka. Wamesikia kwamba chunjua ni HPV, na HPV wanaijua kama virusi vya saratani ya mlango wa kizazi, kwa sababu chanjo yake ilizinduliwa kitaifa hapahapa Mombasa Oktoba 2019, kwa wasichana wa miaka kumi. Basi mtu anautazama mkono wa bintiye na kuona saratani. Sivyo. Aina zinazoleta saratani hiyo, hasa ya 16 na ya 18, si zile zinazoota vidoleni, na chunjua ya mkono haigeuki kuwa saratani ya kizazi wala haisemi lolote kuhusu mwenendo wa mtoto. Wengine huuliza upande wa pili: akichanjwa, chunjua zitatoka? Chanjo haikutengenezwa kwa ajili ya aina za mikononi, msiitegemee kwa hilo. Binti mwenye chunjua na apelekwe kuchanjwa kama wenzake, na usiku aloweke kidole na kupaka dawa yake mpaka mistari irudi.